Mwaka Tuliogawiwa Waeskimo

Walipoleta habari kwamba Aikande amefariki, nilikuwa uani napepeta mchele, na swali langu la kwanza lilikuwa wamemweka wapi. Mjukuu wangu Zuhura akasema, "Mochwari, Bibi. Atakaa siku tatu mpaka ndugu zake wafike, halafu wanamsafirisha Moshi." Nikacheka. Sikutabasamu, nilicheka, mpaka ungo ukaniponyoka na mchele ukawa riziki ya kuku. Zuhura akanitazama kama nimepandisha mashetani. "Bibi, amekufa Mama Neema. Rafiki yako!" Nikamwambia nimesikia, mimi si kiziwi. "Siku tatu kwenye friji," nikasema. "Mweskimo kapata nyumba yake." Ndipo nikakaa chini palepale kwenye mchele nikalia mpaka sauti ikakauka.

Zuhura amesoma mpaka chuo kikuu, lakini utani ulimpita pembeni. Na wewe unayesoma usije ukaniona sina utu, kwa hiyo nakueleza kabla hujanihukumu. Sisi Wazaramo watani wetu ni Wanyamwezi. Mtani anakutukana mbele ya mkweo na wewe unacheka. Anakunyang'anya kofia barabarani, na hakurudishii mpaka uikomboe, hata kwa kipande cha muhogo. Ukifa, yeye ndiye anayevaa nguo zako na kuigiza unavyotembea, mpaka watoto wako wacheke na kamasi zinawatoka. Kukasirika hairuhusiwi. Sasa Aikande alikuwa Mchagga, na kati ya Mchagga na Mzaramo hakuna utani wowote. Utani wetu sisi wawili ulitoka kwenye picha moja iliyopigiliwa ukutani, darasa la nne, miaka ya hamsini. Mpaka leo naugeuza mwaka ule kichwani na siupati mwanzo wala mwisho wake.

Habari za nani alinizaa na nani alinilea ziache, hazina kazi hapa. Anza na darasa. Kilikuwa chumba kirefu chenye madirisha ya mbao, si mbali na soko la Kariakoo, na soko lilisoma pamoja nasi: asubuhi harufu ya samaki wabichi, saa nne mananasi, saa sita kila kitu kimechacha. Wasichana tulikuwa tisa, benchi mbili za nyuma. Darasa la nne wakati ule lilikuwa kama mlango wa choo cha sokoni, wote mnasukumana na anaingia mmoja. Ukifaulu unakwenda la tano. Usipofaulu unarudi nyumbani kukuna nazi. Kwa wasichana tuliambiwa nafasi za shule ya bweni ni chache mno, labda moja, labda mbili. Na baba yake Aikande, karani bandarini, mtu wa shati jeupe na maneno machache, alishamwambia mbele yangu, tumekaa tunakula: "Ukipata la tano, nitauza baiskeli usome. Usipopata, Desemba unapanda basi kwenda kwa bibi yako kukata majani ya ng'ombe, na hurudi." Aikande akaendelea kutafuna. Mimi ndiye niliyeshindwa kumeza.

Nilimpenda tangu wiki ya kwanza alipokuja, wavulana walipomcheka kwa lafudhi yake. Alikuwa mwembamba, mrefu, ana mwanya, anasoma hata karatasi iliyofungia sukari. Mmoja wao, Jumanne, aliigiza anavyosema "habari yako", nami nikampiga kwa kibao cha kuandikia, kikapasuka. Hakuna aliyenituma. Mimi ndivyo nilivyo, nikishakuweka moyoni mwangu, anayekugusa kanigusa. Kwao walipanga chumba kimoja kwenye nyumba ya vyumba sita Mtaa wa Sikukuu, kitanda kimefichwa kwa pazia la maua, meza ina kitambaa cha plastiki, juu yake kitabu cha nyimbo za kanisani na bati la biskuti lisilokuwa na biskuti. Kila nikifika, mama yake alipika ndizi kwa maharage. Nyama hakuweka. Sikumwomba, wala hakusema kwa nini. Nilijua ni kwa ajili yangu, mtoto wa Kiislamu nisije nikahangaika na nyama ya nani kachinja. Wengi wamenipikia maishani, lakini heshima ile ya maharage sijaisahau.

Mwalimu wetu aliitwa Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, Mkristo, suruali kapiga pasi mpaka unaweza kukatia nyanya. Nje ya darasa tulikuwa watani zake. Tunamwambia, "Mwalimu, shikamoo. Babu zako wamebeba mizigo mpaka wewe umezaliwa na kichwa bapa!" Naye anajibu, "Marahaba, Wazaramo. Mkiokota nazi moja mnapiga ngoma wiki nzima." Tunacheka, anacheka. Akivuka kizingiti cha darasa, ni fimbo. Sisi hatukuona ajabu, tulijua mpaka uko wapi. Au tulidhani tunajua.

Siku ya picha aliingia na karatasi kubwa kama kanga iliyotandazwa, akaipigilia misumari. Palikuwa na mtu aliyevaa manyoya mpaka kichwani, umebaki uso tu, kasimama kando ya kitu cheupe kama chungu kilichofudikizwa. Mbwa sita. Hakuna mti hata mmoja. "Hawa wanaitwa Waeskimo," akasema, "na hii ni nyumba, imejengwa kwa matofali ya theluji." Zuhura kaniambia kwamba wengi wao jina hilo hawalipendi, wanajiita Wainuit. Sawa, nimesikia, na mtu aitwe anavyotaka. Lakini mwaka ule sisi tulipewa jina moja tu, na ndilo tulilokwenda nalo.

Darasa likawa kama mnada. Jumanne akauliza, "Mwalimu, mkaa wanapata wapi?" Hawana mkaa, nyama wengine wanakula mbichi, taa wanawasha kwa mafuta ya mnyama wa baharini anayeitwa sili. "Huyo sili ni samaki?" Si samaki. "Basi anachinjwa?" Anachomwa mkuki. Haa! darasa lote. Mwalimu akaongeza kwamba kule watu wanasalimiana kwa kugusana pua, na kuna miezi jua halizami kabisa, na miezi mingine halichomozi. Hapo Hadija aliyekaa karibu yangu akasimama, mpole, mtoto wa shehe, akauliza, "Mwalimu, Ramadhani wanafungua saa ngapi?" Mwalimu Maganga akageukia ubao, chaki juu. Halafu akasema, "Andikeni tarehe."

Aikande ndipo akanyoosha kidole. "Mwalimu, hata kwetu theluji ipo." Wakaangua kicheko. "Umeishika?" wakamuuliza. "Hapana." "Umeikaribia?" "Hapana. Yenyewe iko juu ya mlima, sisi tuko chini, migomba iko katikati." "Kumbe Mweskimo tunaye humuhumu!" Jumanne akapiga kelele, na jina likamganda. Mimi damu ilishanipanda, lakini kibao kipya sikuwa nacho, kwa hiyo nikauliza lolote ili nigeuze maneno. "Mwalimu, hao watu watani wao nani?" Akapangusa chaki mikononi. Kengele ilikuwa karibu, na yeye amechoka na sisi. "Hawana," akasema. "Wako mbali mno, nani atawafikia? Haya, kuanzia leo nawagawia ninyi Wazaramo. Chukueni." Akacheka, tukacheka, kengele ikalia. Maneno hayo yalichukua muda wa kufunga kitabu. Yeye aliyatupa kama maganda ya ndizi. Lakini kwetu, ukipewa mtani umepewa. Hakuna pa kumrudisha.

Yaliyofuata ni wiki za kuchanganyikiwa tu. Nilikwenda kwa mwalimu wa chuo, anayetufundisha Kurani, nikamuuliza kama sili ni halali. Akaniuliza, "Umemuona wapi?" Kwenye picha. "Basi siku ukimkuta kwenye sahani, njoo." Uani kwetu, nikiwa nakuna nazi, niliwasikia wapangaji wakilijadili lilelile, maana habari ilishatoka shule ikaingia vyumbani. Bi Tatu akasema, "Kama ardhi yote barafu, maiti wanazika wapi?" Mwenzake akamjibu, "Wanawaweka tu. Kwenye barafu mtu haozi." Bi Tatu akaacha kusuka. "Haozi? Kwa hiyo mama mkwe akifa unaendelea kumuona hapo?" Akatema mate pembeni. "Mungu apishe mbali," akasema, na wote wakakubaliana kwamba ile si nchi ya kuolewa. Nikacheka nao, lakini usiku ule sikujua nicheke nini. Niliona huruma. Watu hawana mti, hawana mkaa, jua haliwasikilizi, na juu ya yote hayo mtani wao ni mimi, nina miaka kumi na miwili, na sijui hata wapi pa kuanzia kuwatania.

Barafu tuliyoijua sisi ilikuwa moja. Ilitoka kiwandani kwa mkokoteni, mapande marefu yamefunikwa magunia na unga wa mbao, inapelekwa kwenye duka la soda la Mhindi pale Msimbazi. Bila unga wa mbao inayeyuka njiani. Kwa hiyo nikakata shauri kwamba nchi ya Waeskimo yote imemwagiwa unga wa mbao, na siku iliyofuata nikamuuliza Mwalimu Maganga, kama mti hakuna hata mmoja, unga wa mbao unatoka wapi? Akanitoa nje. Hakunieleza. Miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima nauza vitumbua, nilisoma kwenye gazeti la kufungia vitumbua hivyohivyo kwamba kule ni baridi yenyewe inayoshika barafu, hakuna anayeifunika. Nilisimama na lile gazeti, wateja wananigombeza. Si angeniambia tu?

Siku moja tunatoka shule, kipande cha barafu kikadondoka kwenye mkokoteni, ukubwa wa embe. Jumanne akakidaka kwa ncha ya shati. "Mweskimo, njoo. Kama kweli wewe wa huko, shika." Aikande akanitazama, akaweka madaftari chini, akakipokea kwa kiganja. Watoto wakatuzunguka, wakaanza kuhesabu, wakachoka kuhesabu. Maji yalimtiririka mpaka kiwiko. Mdomo ukaanza kumtetemeka, na machozi yakaja, yeye kasimama tu. Nikamwambia, "Achia, utaungua!" Akasema kwa meno yaliyokazwa, "Nikiachia mtasema mimi si wa huko." Kikaisha mkononi mwake. Kiganja kilikuwa kimekunjamana, rangi imekimbia. Kwanza nilimpiga Jumanne, hilo lilikuwa lazima. Halafu nikakishika kile kiganja, nikakipuliza, na kwa mara ya kwanza nikamtania: "Pole, Mweskimo. Ndiyo maana mnasalimiana kwa pua, mikono yote imeganda." Akacheka akiwa analia, ule mwanya wote nje. Nikajua kwamba nimeweza.

Mwezi wa mtihani Mwalimu Maganga akaja na suruali yenye mikunjo, tukajua kuna jambo. "Bwana Inspekta anakuja. Picha hii ni zawadi yake mwenyewe. Aliishi kule barafuni, anaipenda sana habari hii." Jumanne akaninong'oneza, "Ndiyo maana mweupe," na sisi tukaifunga kesi hapohapo: Inspekta ni Mweskimo. Nani angetupinga? Mwalimu akamchagua Aikande asimame aeleze maisha yao, akamwita pembeni, nami nikajibanza mlangoni nikasikia. "Sikiliza, mwanangu. Huyu bwana anakaa pale wanapochagua majina ya bweni. Sema vizuri, usitetemeke." Aikande akaitikia ndiyo. Wiki nzima tulifanya mazoezi chumbani kwao, mimi ndiye Inspekta, sufuria kichwani kama kofia, mama yake anapepea moto mlangoni anatuchungulia na kujificha kucheka. Alijua kila kitu, mbwa, mikuki, nyumba, jinsi wanavyogawana nyama na majirani ili asilale mtu na njaa. Hicho cha kugawana alikisema vizuri kuliko vyote.

Inspekta akaja saa tatu asubuhi na mwalimu mkuu, mtu mfupi mwenye funguo nyingi. Inspekta alikuwa mrefu, shingo nyekundu, na kofia ya pama ya kahawia. Akaivua, akaiweka kwenye meza ya mwalimu. Aikande akasimama mbele, sketi imenyooshwa, akavuta pumzi aanze. Yule bwana akainua mkono. Kiswahili chake kilikuwa safi, cha kanisani. "Usinipe kitabu. Niambie kwa maneno yako. Baridi ikoje?" Hilo hatukulifanyia mazoezi. Aikande akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Inspekta akauliza tena, taratibu zaidi, na ule utaratibu ndio ukawa mbaya. Nilimuona Aikande akikitazama kiganja chake. Mimi sikuona darasa, niliona basi la Moshi na mzigo wa majani ya ng'ombe.

Nikasimama. Miguu ilitangulia, akili ikafuata baadaye, na mpaka leo haijafika. "Mwache!" nikasema. "Hawezi kukujibu, wewe na yeye kabila moja, mnaoneana haya. Niulize mimi, mimi ndiye mtani wako!" Nikatoka benchini nikaenda mpaka mbele. "Ninyi watu mnakula nyama mbichi kama paka! Jua likitoka, nyumba inamwagika, mnabaki nje na mbwa wenu! Baridi ikoje, unauliza, wewe uliyeikimbia ukaja kujianika huku kwetu kama dagaa?" Nikaichukua ile pama mezani, nikaivaa, ikanizama mpaka puani. "Na hii hupati mpaka uikomboe!"

Naapa nilisubiri kicheko. Utani ndivyo unavyokwenda, ukimaliza watu wanacheka, mwenye kofia anatoa chochote, mambo yanaisha. Hakuna aliyecheka. Niliposukuma kofia juu nione, uso wa Inspekta ulikuwa mwekundu wote, na mabega yanatikisika, akakohoa kwenye kitambaa. Sasa niambie wewe: mtu mwekundu, mabega yanatikisika, anakohoa, hiyo ni nini? Akamsemesha Mwalimu Maganga kwa Kiingereza, Mwalimu akajibu maneno mengi, jasho linamtoka. Halafu Inspekta akamgeukia Aikande. "Ni kweli, mimi na wewe kabila moja?" Aikande akaniangalia, mimi niliyezama kwenye pama, na kitu kikafunguka usoni mwake. "Ndiyo," akasema. "Na baridi inauma kama moto, ila moto unakuambia uondoke, baridi inakuambia ukae." Akaendelea, akasema yote, mbwa, mikuki, nyama ya majirani, bila kukwama popote. Inspekta akaandika kwenye kijitabu chake. Akaondoka. Nilimuona dirishani akivuka uwanja, kichwa wazi juani, mwalimu mkuu anamkimbilia nyuma na funguo zinalia.

Mchana tukaitwa ofisini wawili, kofia iko juu ya meza kama ushahidi. Mlango haukufungwa, na kivuli cha Mwalimu Maganga kilikuwa koridoni, viatu vyake nilivijua. Mwalimu mkuu akauliza, "Nani amewafundisha matusi haya? Nani aliwaambia Wazungu ni watani?" Nikajua mara moja swali halinitafuti mimi. Likipata jina, kesho yake hatuna mwalimu. Aikande akavuta pumzi, nami nikamkanyaga mguu kwa nguvu zangu zote. Nikasema, "Nimejifundisha mwenyewe." Akarudia swali. Nikarudia jibu. Viboko sita, na baada ya hapo akaongeza jambo lililouma kuliko viboko: "Kama unajifundisha mwenyewe, basi la tano hulihitaji." Aikande alisimama pale anatazama vidole vya miguu. Alinyamaza. Nilitaka anyamaze, nilimkanyaga ili anyamaze. Mbona basi njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nimemkasirikia kwa kunyamaza? Nimezaa, nimezika mume, nimekuwa bibi, na swali hilo bado liko pale ofisini.

Kofia ilipelekwa kwa Inspekta na tarishi. Kesho yake tarishi akairudisha. "Bwana amesema si yake tena, ni ya mtoto." Hayo tu. Sasa mwalimu mkuu akaelewa kwamba bwana ameona kinyaa, kofia imeshavaliwa na kichwa changu. Mwalimu Maganga yeye akaninong'oneza uwanjani, "Huyo kaujua utani. Kakubali kushindwa." Nani kati yao alikuwa sahihi? Majina yalisomwa mwisho wa muhula, sote tumepanga mistari. Msichana alisomwa mmoja, Aikande. Nilipiga makofi kuliko wote mpaka viganja vikawaka. Langu halikusomwa, na sijui kama ni kwa ajili ya kofia, au maneno ya ofisini, au hesabu zangu ambazo, nisiseme uongo, zilikuwa mbaya. Siku hiyo mwalimu mkuu akanitupia ile pama. "Chukua shahada yako," akasema.

Baba yake akauza baiskeli. Mimi nikaingia kwenye vitumbua, na kila gazeti la kufungia nililisoma kabla halijapata mafuta, ndiyo shule yangu, na ninayoyajua nimeyajua hivyo. Aikande akawa nesi. Kila likizo, halafu kila Krismasi, halafu kila alipojisikia, alikuja kwangu kuikomboa kofia. Alileta ndizi mbivu, sabuni za kunukia, mwaka mmoja alileta kuku mzima mwenye kelele. Kuku nilimpokea, kofia sikutoa. "Si yako wewe," namwambia, "aje mwenyewe." "Sisi kabila moja," anasema, "niliapa mbele ya serikali." Habari za ofisini hatukuzigusa hata mara moja. Ila mwaka jana, amekaa kwenye kiti changu, magoti yameshamkataa, akavua ndala akanionyesha mguu wa kushoto. "Mwanaidi, hapa uliponikanyaga, kukiwa na mvua bado panauma." Nikamuuliza anataka chai ya rangi au ya maziwa. Akasema ya maziwa. Hayo ndiyo mazungumzo tuliyoyafanya juu ya jambo hilo maisha yetu yote.

Siku ya kumsafirisha nilikwenda kwake Ilala asubuhi, nimeivaa pama. Zuhura alinisihi njia nzima niivue. Kulikuwa na turubai, viti vya kukodi, kwaya, maboksi ya soda na maji kwa ajili ya safari ndefu ya kwenda mlimani, maana Wachagga mtu wao hazikwi ugenini. Ibada ikaisha, jeneza likaingizwa garini, dereva akawasha. Nikaenda nikasimama mbele ya gari, katikati kabisa. Dereva akapiga honi kidogo, kwa heshima. Sikutoka. Akashusha kioo. "Bibi, shikamoo. Tunaomba njia." "Marahaba. Hupati," nikamwambia. "Huyu ni Mweskimo, mimi mtani wake, na haondoki mjini na deni la kofia. Siku tatu amestarehe kwenye friji huko, anadhani nimesahau?"

Mlipuko wa minong'ono. "Bibi huyu kabila gani?" "Amechanganyikiwa, mtoeni juani." Wanaume wawili wakanijia kwa upole ule wa kubebea wazee, na nikawatazama kwa namna ambayo walirudi. Neema, binti yake, akashuka garini, macho yamevimba, akanitazama, akaitazama kofia. Akaanza kutikisika mabega. Nilidhani analia tena. Halafu mwanya ukatokea, uleule, kama umehamishwa. "Mama alisema utakuja kutuzuia," akasema. "Mtani, unataka nini tukupe?" Nikamwambia nataka barafu.

Akaenda kwenye ndoo ya soda, akaniletea bonge, ukubwa wa embe. Nikalipokea kwa kiganja. Kwaya ikanyamaza, injini ikazimwa. Jua la saa nne lilikuwa limesimama juu yetu na watu wote barabarani wakimsubiri kikongwe mmoja. Liliuma kuliko nilivyofikiria miaka yote hiyo. Aliuvumilia mtoto wa miaka kumi na miwili uchungu huu, na mimi nilisimama pembeni nikidhani nauona. Maji yakatiririka mpaka kiwiko, yakaloesha kanga. Zuhura akanishika bega. "Bibi, achia basi, utaumia."

"Nikiachia mtasema mimi si mtani wake," nikamwambia.

Nikalishika mpaka likaisha. Nikaivua pama kwa mkono uliobaki mzima, nikampa Neema, nikatoka njiani.